Dhahabu Ilikuwa Rahisi, Kazi Ilikuwa Kuitoa

Fedha ya kwanza niliyoipata kwa kucheza gemu iliingia kwenye simu yangu saa tano kasorobo usiku, mwezi wa Mei mwaka 2018, nikiwa nimejilaza kitanda cha juu katika hosteli ya Mabibo. Ujumbe wa M-Pesa ulisema nimepokea shilingi 38,200. Zilikuwa zimetoka kwa mtu aliyeniambia yuko Uswidi, ambaye sikuwahi kumwona sura wala kuisikia sauti yake, zikaingia kwenye akaunti ya malipo ya mtandaoni ya binamu yangu anayeishi Mombasa, binamu akazihamishia kwenye M-Pesa yake ya Safaricom, kisha akanirushia kwenye namba yangu ya Vodacom kwa ile huduma ya kuvusha fedha kati ya Kenya na Tanzania iliyoanza mwaka 2015. Mzunguko wote huo ulikuwa wa lazima, kwa sababu huduma ya malipo aliyoitumia yule Mswidi ilimruhusu mtu aliyesajiliwa Tanzania kulipa lakini haikumruhusu kupokea. Mkenya aliruhusiwa yote mawili.

Nilikuwa nimeuza vipande milioni 28 vya dhahabu ya Old School RuneScape, gemu ya kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 2013 kwa kuirudisha RuneScape jinsi ilivyokuwa mwaka 2007. Kwa mtu mwenye kompyuta mpakato ya mtumba kutoka Kariakoo hakukuwa na gemu iliyofaa kuliko hiyo: picha zake ni za kizamani, hailambi bando, na mtandao ukisuasua mhusika wako husimama alipo akakungoja. Niseme mapema kwamba kanuni za gemu zinakataza kuuza chochote kilichomo kwa fedha halisi, na kwamba nililijua hilo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo lolote nitakalolilalamikia huko mbele lisomwe kama lalamiko la mtu aliyeingia shamba la watu kwa kuruka ua.

Kazi yenyewe ilikuwa kuua majoka ya kijani. Joka moja likifa huacha mfupa mmoja na ngozi moja, kila mara, bila kubahatisha. Mifupa hununuliwa na wachezaji wanaopandisha kiwango chao cha sala, na ngozi hununuliwa na wanaoshona mavazi ya wapiga mishale. Mkoba wa mchezaji una nafasi 28, na ukitenga nafasi za chakula unaweza kubeba mzigo wa majoka kama kumi na moja, kisha unakimbilia benki, unashusha, unarudi. Tatizo ni kwamba majoka hayo yako nyikani, sehemu ambayo mchezaji yeyote anaruhusiwa kukuua na kuchukua ulichobeba, na walikuwepo watu waliofanya hiyo kuwa starehe yao ya jioni. Basi jicho moja hukaa kwenye joka, jingine kwenye ramani ndogo ya pembeni ambako kila mtu anayekaribia huonekana kama nukta nyeupe, na kidole kinakuwa tayari kwa kutoroka. Baada ya wiki ya kwanza nilikuwa nikiziona nukta nyeupe hata nikifumba macho.

Hesabu niliiandika nyuma ya daftari la Takwimu ambalo bado ninalo. Saa moja ilinipa wastani wa vipande 450,000. Saa tano kila usiku kwa siku 14 zilinipa milioni 31 na nusu. Hapo ilitoka milioni tatu na nusu ya kununulia uanachama, maana majoka ya kijani ni ya wanachama peke yao na uanachama nilioununua kwa dhahabu ulidumu siku 14 tu. Kwa maneno mengine, karibu saa nane za kwanza za kila wiki mbili nilizifanyia kazi kampuni. Milioni 28 zilizobaki nilimuuzia Mswidi kwa senti 70 za dola kila milioni, ikawa dola 19 na senti 60, ambazo kwa bei ya dola ya siku zile zilikaribia shilingi 44,700. Makato ya kupokea, hasara ya kubadilisha fedha, hela ya chai ya binamu na ada ya kuvusha mpaka vilikula 6,500. Nikitoa na bando, saa moja ya kuua majoka ilinilipa kama shilingi 480. Nauli ya daladala ya njia fupi ilikuwa 400, ya kwenda tu.

Niliendelea karibu miaka miwili. Aliyewahi kusoma chuo bila bumu ataelewa kwa nini shilingi 38,000 zinazokuja kila baada ya wiki mbili, hata kama zimepatikana kwa njia ya kipuuzi, ni kitu ambacho mtu hakiachi kirahisi.

Watu huuliza ni nani huyo anayetoa dola halisi kununua kitu kisichoshikika. Jibu lilikwisha tolewa zamani. Mwaka 2001 mwanauchumi Edward Castronova, aliyekuwa akifundisha Fullerton, California, alichapisha utafiti kuhusu Norrath, ulimwengu wa gemu ya EverQuest iliyokuwa imetoka miaka miwili kabla. Alichukua bei ambazo wachezaji walikuwa wakiuziana sarafu na wahusika wao mtandaoni, akazilinganisha na muda unaotumika kuvipata, akakadiria kwamba mchezaji wa Norrath huzalisha dola 3.42 kwa kila saa na kwamba pato la mtu mmoja katika nchi hiyo isiyokuwepo lilikuwa dola 2,266 kwa mwaka, mahali fulani kati ya Urusi na Bulgaria. Wengi waliisoma kama kichekesho, nami mara ya kwanza nilicheka. Lakini ukiitafakari unaona kinachouzwa hapo ni saa. Mtu mwenye kazi nzuri na jioni fupi anataka upanga ambao ungemgharimu wiki sita za kubonyeza, na kuna kijana mahali pengine ambaye jioni zake ni ndefu na bei rahisi. Dhahabu ni gunia tu la kubebea hizo saa.

Hadi hapo mambo ni mepesi, na ndipo maelezo mengi ya biashara hii yanapoishia. Mimi nilichokijua kwa kuumia ni kwamba kuichuma dhahabu hakukunishinda hata siku moja. Kilichokuwa kinaamua kama nitakula au sitakula ni kuitoa nje ya gemu ikawa shilingi. Kila aliyetajirika katika biashara hii ninayemfahamu alikuwa amekaa mlangoni.

Tazama kampuni zenyewe zilivyojenga. Ile hati niliyokuwa nikiinunua kwa milioni tatu na nusu, ambayo kampuni huiita Bond, haianzii kwenye dhahabu. Mchezaji mwenye kadi ya benki huinunua kwa kampuni, wakati huo kwa takriban dola saba, akaiweka kwenye soko la ndani, na mchezaji asiye na kadi, kama mimi, akaichukua kwa dhahabu. Kwa njia hiyo mwenye fedha anapata dhahabu kihalali, kampuni inapata dola zake, na mwenye saa nyingi anapata uanachama. Blizzard walifanya kama hivyo mwaka 2015 kwa World of Warcraft, na CCP ya Iceland ilikwisha kuwa nayo katika EVE Online tangu mwaka 2008. Ni mpango wa akili sana, nausifu bila kejeli. Ila fedha halisi inaingia tu. Mlango wa kutokea haupo, na atakayetaka kutoka atafute dirisha.

Kampuni moja kubwa iliwahi kujaribu kuufungua mlango wa pili rasmi. Diablo III ilipotoka mwaka 2012, Blizzard waliweka ndani yake soko la mnada ambalo mchezaji aliweza kumuuzia mwenzake silaha kwa dola, wao wakikata dola moja kwa kila silaha iliyouzwa na asilimia 15 nyingine kwa anayetaka kuzipeleka fedha zake PayPal. Soko hilo lilifungwa tarehe 18 Machi 2014. Sababu waliyoitoa ilikuwa kwamba lilikuwa limeua utamu wa gemu yenyewe: gemu nzima ilijengwa juu ya msisimko wa kuua jini na kuona limedondosha nini, na sasa kilichodondoka hakikuwa na maana tena kwa kuwa kitu bora zaidi kilikuwa kinauzwa dola mbili dukani. Naamini sababu hiyo. Nimeyaua majoka maelfu na sikumbuki hata moja lililonifurahisha.

Mama yangu anauza machungwa Muheza. Nilipomtumia shilingi 20,000 ya dawa ya wadudu wanaoshambulia miti, akapiga simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii hela umeitoa wapi, na wewe ni mwanafunzi?”

Nikamweleza kwa jinsi nilivyoweza, kwamba kuna mchezo, ndani yake mnapatikana dhahabu ya kwenye kompyuta, nami ninamuuzia mtu wa Ulaya. Alinyamaza kidogo. Nilidhani atauliza kama ni halali.

“Huyo anayenunua kwako ndiye anayeitumia?”

“Hapana mama, na yeye anauzia wengine.”

“Ah. Kumbe dalali,” akasema, na sauti yake ikatulia kabisa, kama mtu aliyeonyeshwa sura ya jamaa yake katika picha ya ugeni. Machungwa ya Muheza hununuliwa yakiwa bado mtini, na anayeyanunua ndiye anayejua gari la kwenda Nairobi linaondoka lini. Akaniuliza Mswidi anauza bei gani huko mbele. Nikamwambia karibu dola moja kwa milioni. “Sasa kwa nini usimtafute mwenye kula mwenyewe?” Swali hilo lilinikaa kichwani, na lilikuja kunitokea puani, kama nitakavyosimulia.

Mwaka 2007 gazeti la New York Times lilichapisha makala kutoka Nanjing, China, ambako vijana walikuwa wakiajiriwa kuchuma dhahabu ya World of Warcraft kwa zamu za usiku zenye urefu wa saa 12. Kijana mmoja alilipwa kama dola 1.25 kwa kila vipande 100, sawasawa na senti 30 kwa saa. Mwajiri wake aliviuza vipande vilevile kwa dola tatu au zaidi kidogo kwa duka la mtandaoni. Na duka lilimuuzia mchezaji wa Marekani au Ulaya kwa bei iliyofika hadi dola 20. Nilipoisoma mara ya kwanza sikuishangaa hiyo dola 20. Nilirudi kwenye daftari langu, nikaigawanya ile 480 kwa bei ya dola, nikapata senti 21. Miaka kumi na moja baadaye, bila mwajiri, bila zamu, nikiwa bosi wangu mwenyewe, nilikuwa chini ya kijana wa Nanjing.

Kampuni iliyojulikana kuliko zote katika kuuza dhahabu ya gemu wakati huo ilikuwa IGE, aliyoianzisha Brock Pierce mwaka 2001. Haikuua joka hata moja. Kazi yake ilikuwa kununua kwa wachumaji na kuuza kwa wachezaji, na mwaka 2006 benki ya Goldman Sachs ilikuwa miongoni mwa waliotia humo dola milioni 60, mpango ulioletwa na Steve Bannon, yuleyule aliyekuja kuwa mshauri wa Rais Trump. Mwanzoni mwa mwaka 2007 eBay iliacha kuruhusu bidhaa za gemu kwenye minada yake, nayo IGE ikaanza kuyumba, lakini hapo wengi walikwisha fahamu fedha zinakaa upande gani wa mlango.

Kwa haki niongeze kwamba picha haikuwa mbaya kila mahali. Ripoti iliyotolewa mwaka 2011 na infoDev, programu ya Benki ya Dunia, ilikadiria biashara hii kuwa ya dola bilioni tatu mwaka 2009, ikasema sehemu kubwa ya fedha hizo ilibaki katika nchi zinazoendelea, kisha ikailinganisha na kahawa: soko la dunia la zaidi ya dola bilioni 70, ambalo nchi zinazoilima huambulia kama bilioni tano na nusu tu. Mtu wa Kilimanjaro akisoma mstari huo anaweza kung’oa mibuni. Ila kahawa ina faida moja ambayo waandishi hawakuitaja: ikikosa mnunuzi, iko ghalani.

Huko nyikani sikuwa peke yangu. Upande wa mashariki palikuwa na watu walioua majoka kwa mwendo uleule wangu, saa zote, wakiwa na mavazi hafifu ili wakiuawa wasipoteze kitu, na ukiwasalimia walijibu kwa Kihispania. Walikuwa Wavenezuela. Fedha ya nchi yao ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba mshahara wa mwezi haukununua chakula cha siku chache, na dhahabu ya RuneScape, inayouzwa kwa dola, ilikuwa imara kuliko bolivari. Mwaka 2017 mchezaji mmoja aliandika kwenye Reddit mwongozo wa kuwawinda na kuwaua hao hao, hadi na maneno ya Kihispania ya kuwakebehi, na ukazua mabishano makubwa. Wapo walioona kuwa hawa ni wavunja kanuni na wanastahili. Wapo walioona kwamba unamnyang’anya mtu chakula chake cha jioni kwa ajili ya kucheka. Mimi, nikiwa mvunja kanuni mwenzao, sikuwa na haki ya kuhukumu, lakini niliuchukia ule mwongozo na ninauchukia hadi leo.

Mmoja wao tulizoeana. Sikuwahi kujua jina lake halisi, na la kwenye gemu nalihifadhi. Tulikuwa tukitafsiri kwa mashine, maneno mawili matatu kwa wakati, huku tukiendelea kuua. Akiona nukta nyeupe upande wake huandika namba, idadi ya wanaokuja, nami nikiona upande wangu hufanya vivyo hivyo, na sote tunatoweka. Sentensi ya kwanza ya Kihispania niliyoielewa bila mashine ilikuwa yake: “se fue la luz.” Umeme umekatika. Aliiandika aliporudi, kama udhuru, baada ya mhusika wake kusimama ghafla mbele ya joka na kuliwa. Nikamjibu kwa kumwandikia hiyo ya kwetu, naye akaikariri, na tangu siku hiyo yeyote kati yetu akipotea, mwenzake humwachia maneno “umeme umekatika”, hata kama aliyepotea alikuwa ameenda tu kula.

Tarehe 7 Machi 2019 umeme ulikatika Venezuela karibu nchi nzima, baada ya hitilafu kwenye mfumo wa bwawa la Guri, na haukurudi vizuri kwa siku kadhaa. Upande wa mashariki ukabaki mtupu, majoka yanazunguka tu. Nilichuma usiku ule kuliko usiku mwingine wowote. Siku ya tatu Mswidi alinipandishia bei bila mimi kuomba, kwa kuwa mzigo ulikuwa umepungua sokoni. Nilifurahi kwa muda wa kutosha kupika chai, kisha nikaelewa kwa nini, na sikuwa na wa kumwambia kwa kuwa mtu pekee ambaye angeielewa habari hiyo ndiye aliyekuwa gizani.

Sasa lile swali la Mama. Mwishoni mwa mwaka 2019 nilikuwa nimehama kutoka kwenye majoka na kwenda kwa Zulrah, nyoka mkubwa anayebadilika rangi, na kila rangi inamtaka mchezaji abadili silaha na mahali pa kusimama. Ukimjua vizuri anakupa zaidi ya milioni mbili kwa saa. Nilikusanya milioni 150, nikaamua safari hii sitapita kwa Mswidi. Nilimpata mnunuzi aliyesema ni mchezaji tu, wa Marekani, anataka zote, na atalipa senti 95 kwa milioni.

Tulikutana kwenye soko kuu la Varrock, mji wa ndani ya gemu, katikati ya umati wa wahusika wanaopiga kelele za kuuza na kununua. Biashara ndani ya gemu hupita madirisha mawili: la kwanza unaweka mzigo, la pili linakuonyesha tena ulichoweka na kukuuliza kama una hakika. Yeye alitangulia kulipa, jambo ambalo lilinipa imani kuliko nilivyopaswa kuwa nayo. Binamu aliniandikia, “Imeingia, 142 na nusu.” Nikabonyeza dirisha la pili. Mlima mzima wa dhahabu ukahama bila hata mlio, akaandika “thx”, akatoweka. Siku mbili baadaye binamu alizitoa fedha zote, nami nikalipa kodi ya chumba nilichokuwa nimehamia Sinza.

Wiki tatu zilipita. Binamu akapiga simu, jambo ambalo halifanyi, kwa kawaida hutuma ujumbe wa sauti.

“Ndugu yangu, zile pesa zimerudi kwa mwenyewe.”

“Mwenyewe nani?”

“Mwenye kadi. Anasema hakununua kitu. Sasa mimi nadaiwa.”

Kadi ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, ambaye alipoona makato asiyoyajua alilalamika benki kwake, na malipo yakarudishwa. Kutetea muamala wa namna hiyo unahitaji ushahidi kwamba mzigo ulifika: risiti ya posta, saini, namba ya kifurushi. Mimi nilikuwa na picha ya kioo cha kompyuta inayoonyesha mhusika mwenye kofia ya buluu. Na kwa wenye gemu sikuweza kwenda, kwani ningewaambia nini? Kwamba nimeibiwa wakati ninavunja kanuni yenu? Nilimlipa binamu kidogo kidogo kwa miezi minne. Hakunidai hata senti ya chai kwa kipindi hicho, na sijawahi kumshukuru ipasavyo.

Baadaye nilikuta hukumu moja ya Uholanzi iliyonipa faraja ya kinadharia. Mwaka 2007 wavulana wawili walimpiga mwenzao wa miaka 13 na kumtishia kwa kisu hadi akaingia kwenye akaunti yake ya RuneScape na kuwaachia hirizi na barakoa. Watetezi wao walisema hapakuwa na wizi, kwa kuwa vitu hivyo si vitu. Tarehe 31 Januari 2012 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilikataa hoja hiyo: vitu hivyo vina thamani kwa mwenye kuvipata, amevitolea muda na jasho, alikuwa na mamlaka juu yake na akanyang’anywa, basi huo ni wizi. Ni hukumu nzuri. Lakini angalia inapoishia: inamlinda mvulana dhidi ya mwenye kisu, na haimfanyi kuwa mmiliki mbele ya kampuni, ambayo kwa mkataba ule tunaoukubali bila kuusoma imempa ruhusa ya kutumia tu. Nami nilikuwa nimekitoa kitu changu mwenyewe, kwa hiari, mara mbili, kwenye madirisha mawili.

Walipokuja watu wa mnyororo wa bloku (blockchain), teknolojia inayobeba sarafu za kidijitali, wakisema wameutibu ugonjwa huu, nilitaka sana kuwaamini. Axie Infinity ya kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam ilikuwa na vijinyama vya kupiganisha ambavyo vilikuwa mali yako kweli, na mwaka 2021 huko Ufilipino watu waliacha kazi zao ili kuvichezesha, wengi wakiviazima kwa wenye navyo na kugawana mapato. Sarafu ndogo iliyokuwa ikilipwa mchezoni ilipita senti 30 za dola katikati ya mwaka huo. Mwaka uliofuata ilikuwa chini ya senti moja, kwa sababu kila aliyeingia alikuja kuchuma na karibu hapakuwa na aliyekuja kununua kwa raha yake. Kilichonigusa zaidi ni daraja. Fedha zilitoka kwenye gemu kwa kupitia daraja liitwalo Ronin, lililolindwa na wathibitishaji tisa, watano wakitosha kuidhinisha. Tarehe 23 Machi 2022 wezi, ambao FBI iliwataja kuwa kundi la Korea Kaskazini, walizipata funguo za hao watano na kuondoka na zaidi ya dola milioni 600. Hakuna aliyejua kwa siku sita. Ilijulikana pale mtumiaji mmoja alipojaribu kutoa fedha zake zikakataa kutoka. Ndani watu walikuwa wanaendelea kucheza na salio zao zinaonekana kamili.

Counter-Strike, gemu ya kupigana kwa bunduki ya kampuni ya Valve, nayo nitaigusa tu. Valve hukata asilimia 15 kwenye soko lake la rangi za silaha, na kinachobaki hukaa kwenye mkoba wa Steam, duka la gemu la Valve mtandaoni, kinanunua gemu, hakiwi fedha taslimu. Anayetaka taslimu huenda kwenye tovuti za nje. Oktoba 2025 kampuni ilibadilisha kanuni moja, ikaruhusu silaha tano za daraja la juu kubadilishwa kwa kisu, na bei za visu, ambavyo watu walivihifadhi kama dhahabu ya harusi, zikaanguka usiku huohuo.

Mwezi uliopita kijana wa jirani, aliyemaliza kidato cha nne, alikuja kunionyesha akaunti yake ya eFootball. Amesikia niliwahi “kufanya hizi mambo”. Kikosi chake ni kizuri, sitakataa. Ameijenga akaunti hiyo kwa miaka mitatu kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na mtu yuko tayari kuichukua kwa shilingi 180,000. Nilimwambia kwanza kwamba kanuni zinakataza. Akasema anajua. Nikamuuliza imeunganishwa na barua pepe ipi, akanitajia ya dada yake.

“Na hela unatolea wapi?”

“Kuna kaka mmoja yuko Telegram. Yeye ndiye mwenye wateja. Namkabidhi akaunti, anauza, halafu ananirushia. Anachukua thelathini kwa mia.”

“Unamkabidhi kabla hajakulipa?”

“Ndiyo kaka. Amesema ndio utaratibu.”

Nikamwomba anipe simu nisome mazungumzo yao tangu mwanzo.